Mashirika ya Umma Yarudi kwa Umma

Msafiri atokaye Nairobi, akiisha kuipita Ahero na kuivuka tambarare ya Kano, hupokewa na Nyamasaria kabla hajaiona Kisumu. Hapo mabasi hupunguza mwendo, waendeshaji bodaboda hugombania abiria, na kina mama hupanga nyanya na omena kando ya lami. Ni mahali pa kazi na jasho. Lakini ukitaka kujua ni nani anayeyaamua mambo ya kila siku ya mwenyeji wa hapo, utastaajabu. Barabara iliyo mbele ya kibanda chake imo mikononi mwa Mamlaka ya Barabara Kuu. Umeme wake ni wa Kenya Power. Mto upitao karibu na nyumba yake uko chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mitambo mikubwa ya maji hujengwa na wakala mwingine wa maji wa upande huu wa ziwa. Reli ipitayo Kibos, pamoja na ardhi iliyo kandokando yake, ni ya Shirika la Reli. Mpunga wa jirani zake wa Ahero uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji. Na juu ya hayo yote, tangu mwaka 1979, ipo Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa, ile tunayoiita LBDA, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ili kuupangia ukanda wetu mzima maendeleo yake.

Katika orodha hiyo yote hamna hata mtu mmoja aliyepigiwa kura na mwananchi wa Nyamasaria.

Kijarida hiki kimesema mengi juu ya vyama, kura na Katiba. Leo tunataka kusema juu ya mashirika haya, kwa sababu ndiyo yanayoshika fedha, ardhi, maji na viwanda ambavyo kwavyo mtu wa kawaida hupata riziki au huikosa. Twaamini kwamba mageuzi tuliyoyapigania hayajaingia katika milango ya mashirika ya umma. Chama kimoja kilikwisha Desemba 1991, kifungu cha 2A kilipofutwa. Lakini katika vyumba vya bodi zetu utawala wa mtu mmoja ungalipo, umevaa koti jipya.

Tusianze kwa kulaumu tu. Wazo la kuunda mashirika haya lilikuwa jema. Bonde la ziwa halifuati mipaka ya wilaya wala ya kaunti. Maji ya Nyando yatokayo nyanda za juu ndiyo yanayoilisha Ahero, na ndiyo hayo hayo yanayowafukuza watu makwao mvua zikizidi, kama zilivyozidi mwaka 2020 na mwaka 2024. Hakuna kaunti moja iwezayo kuutawala mto peke yake. Ilifaa pawepo chombo cha kulitazama bonde zima, kikapanga na kikajenga. Na kipo kilichofanyika. Vituo vya vifaranga vya samaki vilijengwa Kibos, Alupe na Chwele. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Uholanzi, LBDA ilichimba visima vijijini, na wanakijiji wakaunda kamati za kuvitunza. Kisima chenye kamati ya kina mama wanaojua ni nani aliyetoa nini kina watu wa kukipigania pampu inapoharibika. Msomaji alikumbuke jambo hilo la kamati, kwa maana tutalirudia.

Sasa na tuyatazame yaliyokwenda kombo, tukianza na Ahero. Mradi wa unyunyizaji ulipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, mkulima hakuwa mwenye shamba. Kwa kanuni zilizowekwa chini ya Sheria ya Unyunyizaji ya mwaka 1966, alikuwa mtu wa leseni. Alitakiwa kutii maagizo ya meneja juu ya kupanda, kumwagilia na kuvuna. Mpunga wake aliupeleka kwa Bodi, na Bodi ndiyo iliyopanga bei na kukata madeni. Akikaidi, leseni ingeweza kufutwa, naye akaondoka na jamaa yake yote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wa Mwea waliichoka hali hiyo wakaigomea Bodi, nao mfumo mzima ukayumba. Huku kwetu mashine zilizosukuma maji kutoka Mto Nyando zilinyamaza, mashamba yakakauka, na miaka ikapita kabla ya kufufuliwa. Sheria ile ya kale haikubadilishwa hadi mwaka 2019. Yaani Mkenya alikuwa huru kwa zaidi ya miaka 50, na bado sheria iliyomtawala shambani ilikuwa ya kumwamrisha wala si ya kumsikiliza.

Twendeni Kibos, jirani ya Nyamasaria. Pale LBDA ina kinu cha kukoboa mpunga. Mtu angetazamia kwamba mpunga wote wa Kano ungeingia katika kinu hicho na kutoka ukiwa mchele wenye jina la Kisumu. Lakini kila mkulima wa Ahero awajua wafanyabiashara kutoka Uganda wanaofika shambani na fedha taslimu mkononi, wakaununua mpunga ungali na maganda, wakauvusha mpaka. Mkulima hawezi kulaumiwa. Mwenye karo ya shule ya kulipa Jumatatu hawezi kungoja cheki isiyojulikana itatoka lini. Wa kuulizwa ni wale waliopewa kinu, ofisi na magari ili mkulima huyu asiuze kwa dhiki.

Kutoka Kibos tuingie Mamboleo, kando ya barabara ya Kakamega. Hapo shirika lilelile lilijenga jumba kubwa la maduka. Mradi uliokadiriwa kugharimu takriban shilingi bilioni 2.5, kwa mkopo wa benki, ulipanda ukapita bilioni 4. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliuliza maswali, kamati za Bunge zikachunguza, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya jumba ikakaa bila wapangaji huku riba ikiongezeka. Sisi si mahakama, wala hatumtii mtu hatiani. Swali letu ni jingine: ni mkulima gani, mvuvi gani, ni kikundi gani cha kina mama kilichosema kwamba haja ya kwanza ya bonde la ziwa ni maduka? Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Jumba linang'aa kwa nje, lakini mwenyeji hana habari ni nani aliyeketi ndani akaamua deni hilo lichukuliwe.

Tena kuna jambo ambalo watu wa Kisumu hawalitaji bila kushusha sauti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Serikali, pamoja na wawekezaji wa kigeni, ilianza kujenga kiwanda cha molasi upande wa Otonglo. Fedha nyingi zilimwagwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ikaachwa, vyuma vikabaki kula kutu mbele ya macho ya watu waliotoa ardhi yao. Dkt. Robert Ouko alijitahidi kukifufua. Alipouawa Februari 1990, mpelelezi John Troon aliyetoka Uingereza aliutaja mradi huo miongoni mwa mambo yaliyostahili kuchunguzwa. Tume iliyoundwa kuchunguza mauaji hayo ilivunjwa Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi yake. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa. Kiwanda kilikuja kuuzwa kwa mwekezaji binafsi. Tunayakumbusha haya ili vijana wajue kwamba hesabu za shirika la umma si mambo makavu ya wahasibu. Palipo na siri katika mali ya wote, siri hiyo yaweza kugharimu hata damu.

Je, ugonjwa huu ulikuwa haujulikani? Ulijulikana. Mwaka uleule wa 1979 LBDA ilipozaliwa, kamati iliyoongozwa na Philip Ndegwa ilikuwa imeyapitia mashirika ya umma na kuonya juu ya ubadhirifu na usimamizi mbaya. Mwaka 1982 jopo jingine chini ya Ndegwa huyohuyo lilirudia onyo. Bunge nalo likatunga Sheria ya Mashirika ya Serikali ya mwaka 1986. Lakini soma jinsi bodi inavyoundwa kwa sheria hiyo: mwenyekiti huteuliwa na Rais, makatibu wa wizara huingia kwa vyeo vyao, wengine huteuliwa na waziri. Mkulima hana kiti, mvuvi hana kiti, wala mtu wa kaunti hatajwi, kwani kaunti hazikuwako. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuufunga mnyororo, nao mwisho wake ukashikwa na mkono mmoja.

Matokeo yake kila mtu ameyaona. Siku za chama kimoja, uenyekiti wa bodi ulikuwa zawadi ya utiifu. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi, tulidhani desturi hiyo ingekufa. Haikufa. Kila baada ya uchaguzi, walioanguka katika kura hutafutiwa viti katika mashirika, kana kwamba wananchi waliowakataa walikosea na sharti warekebishwe. Katiba ya mwaka 2010 inataja ushirikishwaji wa wananchi, uwazi na uwajibikaji kuwa misingi ya taifa katika kifungu cha 10, na yataka uwazi katika fedha za umma katika kifungu cha 201. Maneno hayo ni mazuri. Lakini Sheria ya mwaka 1986 ilikaa nayo chumba kimoja, na mara nyingi ile ya zamani ndiyo iliyolala kitandani, mpya ikalala sakafuni.

Hapa hatuna budi kusema neno litakalowachoma baadhi ya wenzetu. Katika ukanda wetu wa ziwa tumezoea kunyamaza pale mwenyekiti aliyeteuliwa anapokuwa mwana wetu. Wiki moja tunalia kwamba mashirika yametekwa na wakubwa wa Nairobi. Wiki ya pili jina la mtu wa nyumbani likitangazwa katika gazeti la Serikali, tunachinja mbuzi, tunafanya ibada ya shukrani, wala hatuulizi tena. Jina la mwenyekiti laweza kuwa la kwetu na mpunga ukaendelea kuuzwa kwa dhiki. Anayetula kwa lugha yetu ametula vilevile. Na kanisa linalopokea mchango wa harambee bila kuuliza ulikotoka limejifunga ulimi lenyewe. Kama kulikuwa na makosa katika miaka hii, sehemu yake ni yetu sisi tulioshangilia uteuzi badala ya kudai hesabu.

Tangu mwaka 2013 tatizo jingine limeongezeka. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi za kilimo. Lakini mashirika ya mabonde yamebaki chini ya Serikali ya Kitaifa, yakifanya kilimo, samaki na maji palepale ambapo kaunti nayo ina idara za kilimo, samaki na maji. Mafuriko yakija, kaunti yasema mto si wake. Shirika lasema bajeti haikuja. Wizara yasema bwawa la Koru-Soin litamaliza shida, nalo lina mamlaka yake nyingine kabisa. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Hapa fahali ni wanne au watano, na nyasi ni mtu wa Kano anayebeba godoro kichwani akielekea kulala shuleni.

Sasa Nairobi imeamka na jibu lake. Mwaka 2013 jopo la Rais lilihesabu mashirika 262 na kupendekeza yapunguzwe hadi 187. Mapendekezo mengi yalibaki katika makabati. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mpango wa kuyaunganisha mashirika 42 yawe 20 na kuyavunja mengine 25, sababu ikiwa uhaba wa fedha. Mwaka huohuo viwanda vinne vya sukari vya umma, vikiwamo Muhoroni na Chemelil vya kaunti yetu, vilikodishwa kwa kampuni za binafsi kwa miaka 30. Huenda kukodisha kulikuwa bora kuliko kuviacha vife. Wako wakulima wasemao hivyo, maana wamekaa miaka bila malipo ya miwa yao. Wako pia wasemao kwamba ardhi ya babu zao imetolewa tena bila wao kuulizwa. Lakini mtoto anayezaliwa Muhoroni leo atakuwa na miaka 30 kabla mkataba huo haujaisha. Ni haki wazazi wake wausome.

Msimamo wetu ni huu. Hatusemi mashirika yavunjwe, wala hatusemi yaachwe yalivyo. Tuliona katika miaka ya 1990, ubinafsishaji uliposukumwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, jinsi kuvunja kunavyoweza kuwa mlango wa nyuma wa uporaji. Shirika likivunjwa usiku, ardhi yake huamka asubuhi ina hati ya mtu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Kwanza, kila shirika linalofanya kazi katika bonde la ziwa lichapishe orodha kamili ya mali yake: ardhi, vinu, vituo vya samaki, majengo na madeni, kabla ya neno lolote la kuunganisha au kuvunja. Pili, sheria ibadilishwe ili kaunti, wakulima na wavuvi wawe na viti katika bodi, wakichaguliwa na wenzao wenyewe, na nafasi ya mwenyekiti itangazwe na kushindaniwa hadharani. Tatu, hesabu za kila mwaka zisomwe katika mabaraza, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo na kwa lugha nyingine za bonde hili, pamoja na maswali ya Mkaguzi Mkuu. Leo ripoti hizo huenda Bungeni Nairobi, na mwenye kinu hawezi kuzisikia. Nne, pasiwe na mkopo mkubwa wala ukodishaji wa ardhi au kiwanda bila wananchi wa mahali hapo kusikilizwa kwanza, na majibu yao kuandikwa.

Tunajua swali litakaloulizwa: nani atawasikiliza? Jibu letu ni kwamba sheria moja tayari iko upande wetu, nasi hatuitumii. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, iliyotungwa kutokana na kifungu cha 35 cha Katiba, inampa kila raia haki ya kuliandikia shirika la umma na kudai habari. Barua yaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aweza kusema kwa mdomo, na afisa analazimika kuliandika ombi lake. Shirika lina siku 21 za kujibu. Lisipojibu, raia hupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki.

Basi tunatoa wito ulio mwepesi kutekeleza. Kila kikundi cha haki na amani, kila chama cha kina mama, kila umoja wa vijana katika parokia na makanisa ya Nyamasaria, Kibos, Ahero, Muhoroni na kwingineko, kiandike barua moja. Barua isitukane mtu wala isimshtaki mtu. Iulize swali moja lenye jibu: kinu cha Kibos kilikoboa mpunga kiasi gani mwaka uliopita? Deni la jumba la Mamboleo limebaki kiasi gani, na analilipa nani? Mkataba wa Chemelil unasema nini juu ya malimbikizo ya wakulima? Iwekwe tarehe, ibaki na nakala, na siku ya 21 ihesabiwe mbele ya washirika wote. Jibu likija, lisomwe kwa sauti. Lisipokuja, ukimya huo nao utangazwe.

Mwaka 1990, wakati kusema jambo kama hili kulimpeleka mtu kizuizini, Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alisimama hapa Kisumu akadai utawala wa chama kimoja ukome. Hakuwa na sheria ya kumlinda wala siku 21 za kuhesabu. Sisi tunavyo vyote viwili. Na Wakristo miongoni mwetu wanaujua ule mfano wa Injili wa tajiri aliyemwita wakili wake na kumtaka hesabu. Tajiri yule hakungoja mali imalizike ndipo aulize. Aliuliza mara alipopata habari kwamba inatapanywa.

Habari tumekwisha kuzipata. Katika mfano huu, wenye mali ni mkulima wa Ahero, mvuvi wa Dunga na mama muuza omena wa Nyamasaria. Mawakili wako ofisini. Na waitwe, waje na madaftari.